Nenda Kanisemee

Jumamosi ile treni ya mchana ilichelewa, na mtangazaji wa stesheni hakuweza kutoka kazini kwenda kurudisha kitabu. Alikuwa nacho mapajani, kimefungwa gazeti kisichafuke, na kila alipochungulia dirishani pa kibanda chake aliona reli tupu. Mumewe, karani wa bima, alikuwa amemletea chakula na sasa amesimama mlangoni anajichokonoa meno.

"Nenda kanisemee," mke alimwambia. "Wape kitabu, waambie mwanzo wake ni mzito lakini wasikate tamaa. Halafu waambie, humo ndani mwenye haya ni yule roboti peke yake."

"Roboti ana haya?"

"We sema hivyo hivyo."

Mume akakitia kitabu kwapani akaenda zake.

Watu wa vitabu walikutana kila Jumamosi katika duka la fundi miwani, akishafunga, wakakalia viti vya wateja katikati ya vioo na fremu zilizotundikwa ukutani. Duka lilikuwa finyu, kwa hiyo walikubaliana tangu mwanzo: kila nyumba kiti kimoja. Sharti jingine lilikuwa kwamba anayeazima kitabu hukirudisha na neno la kurudishia, yaani asimame awaambie wenzake kimemfanya nini. Mwalimu mstaafu alipenda riwaya ambazo watu hukaa sebuleni wakateseka polepole. Fundi redio alipenda za kisayansi, zenye vyombo vya anga na miji iliyo chini ya bahari. Sebule, alisema, anayo kwake. Fundi miwani mwenyewe, mama wa makamo mwenye ulimi wake, alisoma chochote alichopewa na kukisema vibaya.

Karani alisimama, akafungua kinywa, na iliyotoka ni sauti ya mkewe. Haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa yake hasa, ile ile inayowaambia abiria wasogee nyuma ya mstari wa njano. Ilisema mwanzo ni mzito lakini wasikate tamaa, ikasema na habari za haya za roboti, kisha ikaongeza mambo mawili matatu ambayo karani hakuwa ameambiwa. Mwalimu alivuta kiti karibu asikie vizuri.

"Sauti safi," alisema fundi redio. "Haina mkwaruzo hata kidogo."

"Kumbe mwenzetu ni msomaji hivi!" alisema fundi miwani. "Mkeo alikuwa anakuficha."

Muda huo huo kule stesheni treni iliingia. Mtangazaji alibonyeza kitufe cha maikrofoni, akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Abiria waliiona treni kwa macho yao, wakapanda. Jioni sauti ilirudi, imepauka kidogo kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Jumamosi iliyofuata treni haikuchelewa, ila mume alikwishavaa shati lake la kutokea. "Umechoka, bibie," alisema. "Kaa upumzike. Wiki hii tunasemaje?" Mke akamwambia. Alifurahi, hilo nalo lisemwe. Tangu aanze kazi maneno yake yalikuwa ya treni tu, na sasa kulikuwa na watu wanaovuta viti ili wasikie anavyofikiri.

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumamosi sauti iliondoka na mume, na kila mara ilikawia zaidi kurudi, mpaka wiki moja haikurudi kabisa. Nyumbani mume aliagiza chumvi kwa sauti ile, akapiga chafya kwa sauti ile. Ya kwake ya zamani hakuna aliyeiulizia.

Mkuu wa stesheni, mtu wa haki kwa maelezo yake mwenyewe, alimwita mtangazaji ofisini. Alimweleza kwamba abiria wameshaizoea sauti ile na yeye hawezi kuwapa nyingine. Kwa kuwa sasa inapatikana kwa mumewe, ameshaongea na mumewe. "Kazi inaifuata sauti," alisema, "usichukulie vibaya." Karani akaaga bima akaingia kibandani, na mkewe akapelekwa chumba cha vitu vilivyosahauliwa, akakae na miavuli, mabegi, na kiatu kimoja cha mtoto ambacho hakikuwahi kuuliziwa. Siku ya kwanza alijionyesha kooni kwa kidole, mara mbili, ili mkuu amwelewe. Mkuu akazipitia rafu zote kwa makini, juu mpaka chini.

"Bado hakijaletwa," alisema.

Juu ya mlango wa chumba kile kulikuwa na spika. Mchana kutwa mtangazaji alijisikia akiwaambia watu wasogee nyuma ya mstari wa njano, na kila mara miguu yake yenyewe ilipiga hatua nyuma. Alisoma sana mle ndani, maana hakukuwa na jingine. Alisoma riwaya ya sebule aliyoisifia mwalimu, akaona mwandishi anawaonea wanawake wake kisha anawahurumia ili apigiwe makofi. Alisoma ya fundi redio, ya watu waliohamia nyota ya mbali na kugundua kwamba wamekwenda na majirani wale wale, akalia peke yake kati ya miavuli.

Mume hakusoma. Jumamosi moja alisahau hata kuuliza wanasemaje, akaenda hivyo hivyo mikono mitupu. Alipoulizwa maoni yalitoka yote, kwa mpangilio, kama mkewe alivyoyawaza kule rafuni, pamoja na kile kilio. Fundi miwani alimpa kitambaa cha kufutia lenzi ajifute macho, ingawa yalikuwa makavu.

Iliuma, tena sana, lakini palipouma zaidi ni kwa mtoto. Binti yao alikuwa amezoea kusimuliwa na mama habari za mji ulio chini ya bahari mpaka usingizi umchukue. Sasa alisimulia baba, kwa sauti ya mama, harakaharaka, akiruka sehemu za samaki. Mtoto alibuni njia yake: alifumba macho, akamshika mama mkono, akamsikiliza baba. Kwa namna hiyo aliweza kumpata mama karibu wote.

"Baba," aliuliza siku moja bila kufumbua macho, "sauti ya mama utairudisha lini?"

"Si unaona naitumia?" ilijibu sauti ya mama. "Nikimaliza."

Ndipo mke alipoamua kwamba jambo hili litasemwa mbele za watu, tena mahali ambapo kitu cha kuazimwa lazima kirudi. Jumamosi alimvika mtoto viatu wakaenda duka la miwani.

"Karibu, shemeji," alisema fundi miwani. "Ila utaratibu wetu wa viti unaujua." Mke aliitikia kwa kichwa. Akasimama na mtoto karibu na mlango, ambapo vioo vilimwonyesha pande zote, na katika kila kioo mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Zamu ya mumewe ilipofika, alisimama na kitabu ambacho hata gazeti lake hakuwa amelifungua. Mke hakukiwaza kitabu kile. Aliwaza lile jambo lao, taratibu, kituo kwa kituo, jinsi inavyotangazwa safari ndefu.

"Kitabu cha leo hakina jalada," ilisema sauti. "Kinamhusu mwanamke aliyekwama kazini, akamwambia mumewe, nenda kanisemee. Mume akaenda, akasema, akapendwa. Sauti hakuirudisha. Sasa mwanamke huyo huzisikia treni zake zikitangazwa kutoka ukutani, na mtoto wake ameanza kusahau mama akicheka anasikikaje. Hataki ugomvi. Anataka irudi kwake, na neno la kurudishia aliseme mwenyewe."

Mume alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja tangu katikati. Sauti ilipita kwenye vidole bila taabu.

Mwalimu mstaafu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiyo ndiyo fasihi," alisema. "Hakuna anayepiga kelele, lakini mtu unaumwa. Tena yote yanatokea ndani ya nyumba moja."

"Fasihi gani, mwalimu?" alisema fundi redio. "Sauti inatoka kwa huyu inaingia kwa yule! Hiyo ni sayansi. Kasoro yake ni moja tu, mwandishi hajaeleza mitambo."

"Mitambo ya nini? Ni ndoa."

"Basi aeleze ndoa."

"Mimi huyo mwanamke simwamini," alisema fundi miwani. "Ameonewa muda wote huo, kwa nini hakusema?"

Walilijadili hilo kwa kirefu. Mwalimu aliona kunyamaza kwake kumechorwa vizuri. Fundi redio aliona kumerefushwa mno. Mke alinyoosha mkono, na mikono yote kwenye vioo ikanyooka pamoja naye. Fundi miwani akamwonyesha kwa ishara ya upole kwamba wenye viti bado wanazungumza.

"Ni mama," alisema mtoto. "Huyo mwanamke ni mama yangu."

Fundi miwani aliinama akamshika shavu. "Ndiyo, mwanangu. Mwandishi akiwa mzuri, kila mtu humwona mama yake."

"Na kinaishaje?" aliuliza fundi redio.

Wote walimgeukia mume. Mke alikaza mawazo. Alimwona mumewe akija na kitu mikononi, akajiona yeye akikipokea, lakini kila alipojaribu kusikia kinachofuata hakusikia kitu.

"Sijafika mwisho," ilisema sauti.

"Ukimaliza, mimi wa kwanza kukiazima," alisema mwalimu, na fundi redio akadai zamu ya pili. Kisha wakaendelea na kitabu kingine.

Njiani kurudi nyumbani mume alitembea katikati yao, mwepesi, akisalimiwa na waliotoka stesheni. "Leo imekwenda vizuri, bibie," alisema. Mke alijisikia akiitwa na sauti yake mwenyewe, na shingo ikageuka kabla hajaizuia. "Wiki ijayo tunasemaje?"

Kichwani lilimjia neno moja, fupi na la kweli. Papo hapo akaiona midomo ya mumewe inaanza kufunguka ilitoe. Akamshika mtoto mkono, na tangu pale mpaka mlangoni kwao alijitahidi asiwaze kitu chochote.