Shimo la Saba, Karavia

Aibu yangu ina kipimo: sentimita arobaini. Naweza kukuonyesha kwa mikono, hapa mpaka hapa. Wengine huficha ugonjwa, wengine mke wa pili. Mimi nilificha udongo.

Kampuni moja ilitaka kujenga nyumba kumi na mbili pale Karavia. Kabla ya msingi kuchimbwa, ilibidi sisi wachunguzi wa mambo ya kale tupite kwanza na mashimo ya majaribio, tuone kama watu wa zama za mawe waliacha kitu. Madame Lydie aliongoza kazi. Mimi, Faustin, nilichimba na kujaza fomu. Mama Dorine, mjane aliyetoka Pweto, alichekecha udongo na kushika mètre, utepe wa kupimia kina. Kazi hiyo aliipata baada ya kukaa bure miaka miwili, na hakuruhusu hata kijiwe kimpite bila kukigeuza.

Udongo wetu wa Katanga una hila. Unachimba, unakutana na changarawe nyekundu, ngumu ajabu, unasema basi, nimefika chini. Hujafika. Vitu vya kale mara nyingi vimelala chini yake. Ndiyo maana Madame Lydie alitupa sheria moja tu: vunjeni changarawe, fikeni mita moja na ishirini, ndipo muandike kwamba hakuna kitu.

Shimo la saba lilinikuta na malengelenge mikononi na jua la Oktoba kichwani. Sururu ilidunda juu ya changarawe. Nilidunda nayo mara tatu, nikatoka.

"Quatre-vingts, Papa Faustin," alisema Mama Dorine, mètre yake ikionyesha sentimita themanini. "Haiyafika."

"Inatosha, mama. Ni mawe matupu."

Niliandika mita moja na ishirini. Alikunja mètre yake. Mimi ndiye niliyesoma, yeye hakusoma. Nadhani alifikiri kuna jambo ninalolijua. Nililijua kweli: uvivu wangu.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa, tingatinga lilipita mahali pale. Chini ya changarawe yakatoka mashoka ya mawe, mengi, pamoja na vipande vya uchongaji wake. Watu walikaa pale wakichonga, kisha kwa maelfu ya miaka hakuna aliyevigusa. Meno ya chuma yalikuwa yameshavuruga kila kitu. Madame Lydie aliokota shoka moja lililokatika, akaja nalo kwetu na fomu yangu.

"Mita moja na ishirini? Hii imetoka mita moja! Nani alipima?"

Nikasema, "Mama Dorine njo alishika mètre."

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana jibu lile naliona chafu kuliko uongo wa kawaida. Mama Dorine alinitazama kwa utulivu kabisa. Alidhani sijamaliza kusema. Alinisubiri nimalize, naye Madame Lydie alisubiri, na mimi nikaanza kufuta vumbi kwenye viatu.

"Mama, lundi usirudi tena kazini," Madame Lydie alisema, akageuka kuwapungia mkono watu wa tingatinga wasimame.

Mama Dorine alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakikung'uta, akakifunga upya. Nilimfuata mpaka langoni, nikimwambia kwa sauti ya chini asiwe na wasiwasi, Jumatatu haiko mbali.

"Lundi nitamuelezea Madame yote, mama. Naapa."

"Juu ya nini lundi, si sasa?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. "Madame iko pale. Haiko mbali. Mwite."

Niligeuka. Madame Lydie alikuwa hatua ishirini kutoka kwetu, amechuchumaa, anakusanya mawe ndani ya sketi yake. Ningeweza kumwita hata bila kupaza sauti.

"Mwite, Papa Faustin. Miye niko nangoyea."

Alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko nilivyostahili, kisha akafungua lango mwenyewe, akatoka.