Mtindi wa Bwana Kochi

Jumamosi moja, saa nane mchana, mke wa Bwana Kochi alichemsha lita tano za maziwa. Yalipanda mara mbili, akayatuliza mara mbili, kisha akayaepua. Hakuwa na kipimajoto na hakukihitaji. Yalipoanza kupoa alichovya kidole cha mwisho, akahesabu mpaka kumi bila kukitoa, akajua yamefika. Akatia vijiko vitatu vya mtindi wa juzi, ambao ndio mbegu, akakoroga taratibu, akafunika. Kilichobaki ni kuyaweka mahali penye joto, yasitikiswe, kwa saa sita au saba.

Lakini yalikuwa majira ya baridi, na mablanketi yote mawili ya nyumba ile yalikuwa kambani, yamefuliwa na yamekataa kukauka. Akatazama huku na huku. Sebuleni, mumewe alikuwa amelala kwenye kochi.

Alikuwa amelala hapo kwa miaka tisa, ukiondoa nyakati za kula. Zamani alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani, akasema anajinyoosha kidogo. Ndipo mtaa ukampa jina la Bwana Kochi. Kochi lenyewe lilikwisha kushika umbo lake, hata akiinuka kwenda mezani ulikuwa kama unamwona bado yupo.

Mkewe aliisukuma sufuria ubavuni mwake, akawafunika shuka moja, mume na sufuria, akaenda kuosha vyombo. Baada ya nusu saa alirudi kutafuta sabuni, akagusa mfuniko, ukamuunguza. Akaufunua. Maziwa yalikuwa yameganda, meupe na mazito. Alichomeka kijiko, kikasimama wima kama askari wa zamu.

"Yameganda," alisema.

"Mwanangu tangu utotoni ana damu moto," alijibu mama mkwe, aliyekuwa karibu na dirisha akichambua mchele. Akaendelea kuchambua.

Jirani yao, fundi cherehani, mwanamke asiyesifu kitu bure, alionja kikombe kimoja, akaomba cha pili. Kesho yake alileta sufuria yake. Kufikia Jumatano sufuria zilikuwa kumi na moja: moja kila kwapa, nne mgongoni, nne miguuni, na moja juu ya tumbo, ikipanda na kushuka kwa pumzi. Sharti lilikuwa moja tu. Bwana Kochi akifumbua macho, joto lilikatika kama umeme. Kwa hiyo ilibidi asiamke.

Mtaa ukajipanga. Fundi baiskeli alihamishia nyundo zake mtaa wa pili. Shule iliacha kugonga kengele. Mwalimu wa zamu alipita darasa kwa darasa akinong'ona kwamba kipindi kimekwisha. Hata jogoo wa mama mkwe, ambaye hakuwahi kumstahi mtu, alijifunza kuwika kwa kukohoa.

Watu walewale waliokuwa wakisema Bwana Kochi ni kupe sasa walivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Mtaalamu," walinong'ona.

Mtaalamu alikoroma, ikahesabiwa kuwa ndiyo marahaba.

Mkewe ndiye aliyezipokea sufuria, kwa sababu watu walileta maziwa mabichi. Alichemsha sufuria kumi na moja, akazipoza kumi na moja, akahesabu mpaka kumi mara kumi na moja. Kidole chake cha mwisho kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga. Mistari yote ilikuwa imefutika. Alikuwa amepika katika jiko la hospitali kwa miaka ishirini na miwili, na alijua kwamba ukitia mbegu maziwa yangali ya moto, inakufa, na yakipoa mno, inazembea. Hakuna aliyemuuliza hayo. Waliofika mlangoni waliuliza neno moja tu: "Amelala?"

Hospitali ikasikia. Jiko lake la zamani likatuma ujumbe kwamba linataka mtindi wa wagonjwa, kila siku, mradi uwe na kibali. Mke wa Bwana Kochi alivaa gauni lake la kwenda mjini, akaenda kukiomba. Tangu aanze kupika, kazi yake ilikuwa imeliwa na maelfu ya watu na jina lake halijaandikwa popote, hata ubaoni. Alitaka liandikwe mara moja tu, kwenye kopo.

Afisa wa maziwa alikuwa kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Anayegandisha ni nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Kwa joto la nani?"

"La mume wangu."

"Basi mgandishaji ni yeye, mama. Lakini usijali, nawe umo." Akageuza fomu ili aone. "Hapa, kwenye orodha ya vifaa."

Aliangalia. Alikuwa ameandikwa kati ya mwiko na kitambaa cha kuchujia.

Uchungu ulimpanda kifuani, akautuliza, ukapanda tena. Jioni hiyo, mumewe alipoamka kula, alimwambia: "Nenda ukawaambie wabadilishe. Waambie kazi ni yangu."

Mume alimtazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. "Mke wangu, unadhani kulala ni mchezo? Umewahi kulala mchana hata siku moja?"

Mkewe alifikiri kwa uaminifu, akaona hajawahi.

Mwezi uliofuata Mtaalamu alialikwa kwenye mkutano wa wagandishaji katika mji wa mbali, akatoe mada na kupewa cheti. Aliondoka Alhamisi asubuhi. Wanaume wanne walipakia kochi kwenye lori, kwa kuwa bila hilo hakujiamini mbele ya watu. Mtaa ulirudishiwa kelele zake, na kila mtu alibaki na maziwa yake.

Mchana huo mkewe aliosha sufuria ya mwisho, akaingia sebuleni kutandua shuka, akakumbuka kwamba hakuna kochi. Mahali pake palikuwa patupu, sakafu ikiwa safi kuliko kwingine. Mama mkwe akamtupia mkeka.

"Jilaze kidogo, mwanangu. Mlango nitaukalia mimi."

Akajilaza, akaweka shavu juu ya kiganja, akafumba macho.

Baada ya dakika kumi maziwa ya jikoni kwake yaliganda. Kisha yakaganda ya fundi cherehani, hatua arobaini kutoka pale. Kisha ya duka la pembeni, pakiti zote, ndani ya friji. Chai ya maziwa ya mwalimu wa zamu ilisimama kikombeni, akaigeuza juu chini bila kumwaga tone. Mwisho wa mtaa ng'ombe alikamuliwa akatoa mtindi moja kwa moja, wenye malai juu. Mkamuaji akaacha ndoo, akaenda kuleta kijiko.

Watu wakajaa barabarani na vikombe mkononi.

"Mtaalamu huyu, jamani!" alisema mwenye duka. "Yuko safarini, na bado anatugandishia."

"Huo ndio utaalamu," alisema fundi baiskeli, akilamba kidole. "Na leo amezidi. Huu ni mzito kuliko wa siku zote."

Fundi cherehani aliingia ndani kuazima bakuli. Akamkuta shoga yake mkekani, mvuke ukimtoka mabegani. Akamgusa, akaurudisha mkono haraka. Akatoka mlangoni.

"Ni huyu mama," aliwaambia. "Joto ni lake."

Watu walichungulia mmoja mmoja, wakamtazama kwa upole.

"Huyu?" alisema mwenye duka. "Huyu amelala tu."

Kisha wakaomba aamshwe, maana sufuria zimejaa na hakuna wa kupakua. Mama mkwe alisogeza kigoda chake katikati ya mlango, akaketi akiwa amepanua magoti.

"Mwanangu amelala miaka tisa, hamkumwamsha," alisema. "Huyu ana saa moja."

Alimlinda mpaka saa kumi na moja. Wakati huo mwenye duka alikohoa, si kwa bahati mbaya, na mwanamke akaamka, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka kupakua.

Jumamosi Mtaalamu alirudi na kochi na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Fundi cherehani alimweleza yote, hatua kwa hatua, hadi ng'ombe. Alisikiliza kwa makini.

"Saa tisa?" aliuliza. "Saa tisa ndipo nilipokuwa jukwaani. Nilihisi kama kitu kimenitoka."

Makopo ya hospitali yalichapishwa wiki hiyohiyo, yakiwa na picha yake, macho yamefumbwa. Wagonjwa waliyapenda.

Jumatatu watu walileta maziwa. Mkewe alichemsha, akapoza, akahesabu, akazibeba sufuria mbili mbili mpaka sebuleni. Mumewe alikuwa amekaa kitako, akikitazama cheti ukutani.

"Lala basi," alimwambia. "Yanapoa."

"Usingizi hauji. Tangu mkutano nina mawazo mengi." Alijivutia shuka mpaka kidevuni. "Labda ungeniimbia."

Mkewe alifuta mikono kwenye gauni, akaketi ukingoni mwa kochi, akaanza kuimba, sauti ya chini. Kufikia ubeti wa pili mume alikuwa anakoroma, na mke, katikati ya neno, akapiga mwayo mmoja mrefu.

Karibu na dirisha, maziwa aliyokuwa akiyanywa mama mkwe yaliganda ndani ya glasi. Mama mkwe akanyoosha mkono, akachukua kijiko, akala.