Wiki Mbili Nyingine

Jumanne ya kwanza ya Desemba, saa mbili na nusu asubuhi, Loretta Skaggs alikaa kwenye benchi ndani ya chumba cha kesi, ghorofa ya pili ya mahakama ya Bellwood, Kentucky, bado kavaa sare ya mgahawa, ananuka vitunguu na mafuta ya kukaangia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Binti yake Junie, wa miaka sita, alichukuliwa na ustawi wa jamii siku gesi ya kupasha nyumba joto ilipokatwa, naye jirani aliyeachiwa mtoto akalewa, akalala. Gesi ilikwisharudi. Jirani alikwishahama. Ilibaki jaji aambiwe tu.

Wakili aliyepangiwa na mahakama, Bwana Dunleavy, aliingia anahema.

"Mheshimiwa, kesi hii nimepewa jana jioni. Naomba wiki mbili nilisome jalada."

Jaji Oberholt alikubali. Nyundo iligonga, na Junie, aliyekaa mstari wa pili na mama yake mlezi, akatimiza miaka saba. Jino la mbele lilimdondokea mkononi. Mama mlezi alimfungua kifungo cha shingoni, maana gauni lilikuwa limeanza kumkaba.

Wendell, karani, alifuta sita akaandika saba.

"Kesi za watoto umri naandika kwa penseli," alimwambia Loretta. "Kalamu inachafua karatasi."

Baada ya wiki mbili Dunleavy alikuwa amepata kazi kampuni ya bima. Wakili wa pili aliomba muda asome jalada. Junie akawa na minane. Wa tatu alikuja na jalada la watu wengine, akamtetea kwa dakika kumi, kwa uchungu wa kweli, mwanamume aitwaye Roscoe. Wa nne aliacha kazi. Wa tano alikwenda kujifungua.

Junie naye alikuwa na wakili wake, Bi Ostrander, ambaye alikuwa na watoto mia moja na sitini wa kutetea na hakuwahi kuonana na huyu. Februari aliandika barua kwamba alijiandaa kwa mteja wa miaka sita, sasa anaambiwa mteja ana kumi na mmoja, hivyo anaomba muda arekebishe hoja. Alipewa. Mteja akawa na kumi na miwili.

Kila Alhamisi Loretta aliruhusiwa saa moja na binti yake, katika chumba chenye jiko la plastiki la kuchezea. Kufikia katikati ya Machi Junie alikuwa na miaka kumi na minne, anatafuna bazoka, magoti yamepita kimo cha meza.

"Shule inaendaje, mwanangu?"

"Shule gani? Mwezi uliopita nilikuwa darasa la sita."

"Umekula?"

"Mama, kila wiki umekula, umekula! Badala ya biskuti si ungeniletea wakili?"

Afisa wa ustawi wa jamii, aliyekaa pembeni, aliandika kwamba mama ameshindwa kwenda sambamba na makuzi ya mtoto.

Mwanzoni mwa Mei, Junie akiwa na kumi na saba, alikuja wakili wa sita, Tamsin Greer. Alikuwa amelisoma jalada mara mbili. Alikuwa amefika nyumbani kwa Loretta, akagusa bomba la gesi kwa mkono wake.

"Niko tayari, Mheshimiwa," alisema.

Jaji alivua miwani amtazame vizuri. Wendell akasimama kueleza kwamba Bi Ostrander ameitwa chumba kingine.

"Basi tuahirishe."

Loretta aliinuka. "Mheshimiwa, nakuomba. Mwangalie. Ana miaka kumi na saba."

"Namwona, mama. Lakini mtoto ana haki ya kuwa na wakili. Siwezi kumnyang'anya haki yake."

"Mtoto mwenyewe ni mimi," alisema Junie, "na huyo wakili sijawahi kumtia machoni. Nataka kwenda kwetu."

"Hayo utamweleza wakili wako, naye atanieleza," jaji alisema kwa upole. "Wiki mbili."

Nyundo iligonga. Junie akatimiza kumi na minane.

Jaji alipekua sheria, akatangaza kwamba kwa kuwa ndani ya kesi hakuna tena mtoto, kesi imefungwa. Aliwapongeza wote kwa familia kuungana. Tamsin Greer alibaki amesimama, hotuba yake mkononi, mpaka akaombwa apishe.

Koridoni Loretta ilimbidi ainue uso kumtazama binti yake.

"Siku hizi unapenda chakula gani?"

"Sijui. Kwako nilikuwa napenda makaroni na jibini."

"Hayo nayaweza."

Walisimama, hakuna aliyejua nani amshike mkono mwenzake. Mlango wa mahakama ulikuwa wazi nusu. Wendell alikuwa anaita kesi ya mtoto mchanga, na sauti ya mwanamume ikasikika ikisema kwamba jalada amelipata jana. Nyundo iligonga. Kilio cha kichanga kilikatika, na mtoto akatamka "mama" kwa mara ya kwanza, amemgeukia mama yake mlezi.