Watoke Sare

Siku kampuni ya kubashiri mpira ilipoingia Quitunda, ilikuja na turubai, kipaza sauti, soda baridi na fulana za bure. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Kijiji chetu kilijengwa kwa ajili yetu sisi tuliohamishwa kupisha mradi wa gesi, na tangu tuhamie, kila mtu aliyekuja na turubai na soda alikuja kuzungumzia fidia. Mzee wa hapa akisikia kipaza sauti huchukua kitambulisho chake akaenda kupanga foleni. Kinachosemwa hakisikilizi. Amekwisha kusikiliza vya kutosha.

Mama yangu, Bi Mwanahamisi, alikuwamo kwenye foleni hiyo.

Mama anadai minazi. Si yote, maana mingi ilihesabiwa na kulipwa. Lakini ile ya bondeni, aliyoipanda marehemu baba, Muhamudo, mwaka waliooana, haikuhesabiwa, kwa kuwa siku ya kuhesabu Mama alikuwa matangani Pundanhar na barabara ikafungwa, akalala huko. Akaandikisha malalamiko, akaambiwa asubiri. Naye akaweka nadhiri: fidia ya minazi ile ikitoka, kitu cha kwanza ni khitma ya baba, khitma ya mbuzi na wali, ndugu wote wa Tungue waje wale washibe. Baba alifia ukimbizini, tulipokimbia vita, akazikwa haraka haraka, hata uji wa msibani haukupikwa. Jambo hilo lilimkaa Mama kooni.

Mimi kwenye mkutano wa turubai sikuwapo, nilikuwa kwenye bajia zangu, sehemu pekee kijijini ambapo mtu akilipa anapewa kitu. Nilichojua ni kwamba kila Ijumaa Mama anajitanda kanga yake nzuri na kwenda "kwenye fidia". Nikadhani ni ile ofisi ya malalamiko.

Kumbe anakwenda kwenye kibanda cha kubashiri. Ukutani pametundikwa alvará, kibali cha serikali chenye muhuri mkubwa. Mama Kireno hasomi, lakini muhuri wa serikali anaujua. Ndani anakaa Abílio, mtu wa Mueda, mpole, mwenye adabu kuliko kazi yake. Abílio akamwuliza maswali, na Mama hakushangaa, kwa sababu watu wa fidia ndivyo walivyo. Walishamwuliza ana kuku wangapi na jikoni kwake mlango unatazama wapi. Huyu akamwuliza kati ya Porto na Braga nani atashinda. Mama akaona anapimwa kama bado ana akili timamu. Fedha aliyotoa akaihesabu kuwa ada ya karatasi, maana tangu azaliwe hajapata kupewa karatasi ya bure.

Jibu lake kwa timu zote lilikuwa moja: watoke sare. Mama ndiye anayeitwa mtaani watu wakigombana, na katika maisha yake hajampa mtu ushindi. Abílio, kama alivyonieleza baadaye, alimwambia kwamba mechi zote hizo kutoka sare kwa pamoja ni jambo gumu sana. Mama akamjibu amwandikie hivyo hivyo, kila mtu arudi kwake na heshima yake.

Miezi ikapita, karatasi hazikutoa kitu. Mama hakulalamika. Fidia ilikuwa imemfundisha subira.

Kisha Ulaya wakacheza mwisho wa wiki mmoja wa ajabu, na kwenye karatasi ya Mama hakuna timu iliyomfunga mwenzake.

Abílio alifika nyumbani na mpiga picha na fulana mpya. "Vovó, parabéns," akasema, yaani bibi, hongera, akamshika Mama mkono kwa mikono miwili. Mama akalia. Akaivaa fulana juu ya kanga, akapigwa picha, akamwombea Abílio na waliomzaa. Abílio ni Mkatoliki, lakini aliitikia amina vizuri tu. Ndipo nikayasoma maandishi ya kifuani kwa Mama: jina la kampuni ya kubashiri.

Mdogo wangu Chamsudine naye kusoma anajua. Akanivuta nyuma ya nyumba na kuniambia ninyamaze. Mungu anaangalia nia, akasema, na nia ya Mama ni safi, na mimi nikifungua mdomo nitamuua mwanamke wa watu. Huyu ndugu yangu hata Ijumaa huwa anasahau ni siku gani, lakini siku hiyo aligeuka mwanachuoni. Kesho yake asubuhi alikwenda kuulizia bei ya pikipiki.

Siku moja kabla ya khitma, mbuzi amefungwa uani, ndugu wa Tungue wamekwisha kuingia, Mama akaniita. Alikuwa anachagua mchele. Alitaka niende kwa mwalimu wa madrasa nikamwombe, kabla ya dua, atangaze kwamba sadaka hii imetoka kwenye minazi ya Muhamudo, jasho lake mwenyewe, imfikie ikiwa halali.

Hapo nilishindwa. Kumficha mama jambo naweza. Kumpelekea marehemu baba kamari kwa jina lake siwezi.

"Mama," nikasema, "ile haikuwa fidia. Ni kamari. Ulikuwa unabashiri mpira."

Aliendelea kuchagua mchele.

"Na muhuri?"

"Serikali imeruhusu, Mama. Inatoza na kodi."

Akatoa kijiwe, akakitupa. "Na minazi ya baba yako?"

"Bado."

Mbuzi alirudishwa kwa mwenyewe. Khitma ikasomwa kwa kahawa na bajia zangu, na Mama alisimama mlangoni akimweleza kila ndugu sababu, bila kupunguza neno. Nilimwonea huruma, na nilijivunia vile vile. Fedha akataka kuirudisha, lakini Abílio akasema mashine ina njia ya kulipa, ya kurudishiwa haina. Mwalimu akasema fedha ya namna hiyo hailiwi wala haitolewi sadaka, ila choo cha watu wote chaweza kujengwa. Kwa hiyo sokoni kwetu pana choo cha vigae, na Chamsudine akibanwa huona bora arudi nyumbani.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama amekwisha kuvaa, kitambulisho mkononi, anakwenda ofisi ya malalamiko. Nikamwambia apumzike leo. Mtu aliyesubiri miezi yote ile, siku moja itamfanya nini? Nilisema kwa hasira, na hasira yenyewe sijui nilimkasirikia nani.

"Sikusubiri, mwanangu," akasema. "Nilisimama foleni ya watu wengine. Hii yangu imesonga bila mimi."

Nikaacha unga kwenye beseni, nikafunga mlango, nikaenda kusimama naye. Tulikuwa wa mwisho.