Usaili Saluni

Asubuhi ile saluni yangu iligeuka darasa, nami sikuwa na hamu ya kusoma. Wifi yangu alikuwa na usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli ya ng'ambo. Wangemsaili kwa simu ya video, na mtandao wa nyumbani ni wa kubahatisha, kwa hiyo nikamtengea kiti cha mwisho karibu na sinki.

Mteja wangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alikuwa ameketi na rola kichwani. Ndiye aliyeanzisha balaa.

"Hawaachi kukuuliza 'take off'," alimwambia wifi. "Ndege ikipaa, ni hiyo. Ukivua koti, ni hiyo hiyo."

"Hizo nazijua, mwalimu."

"Biashara ikichanganya, ikashika kasi? Mtu akiondoka ghafla? Ukichukua siku ya mapumziko?"

"Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo! Hata kumwigiza mtu ili wengine wacheke."

"Watu gani hawa, neno moja kwa shughuli zote?" nikadakia. "Wamefilisika?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nafagia nywele nilizokwisha kuzifagia.

Wifi aliitaka kazi ile kufa kupona, na mimi nilikuwa naomba aikose. Tangu kaka yangu afariki, wifi anaishi kwangu, na kila siku namsema: sabuni yangu, kabati langu, zamu yako ya vyombo. Akiondoka, nitagombana na nani? Asubuhi hiyo aliniomba viatu vyangu vyeusi, nikamnyima. Nilimwambia kwenye simu miguu haionekani.

Simu ikaita. Nikazima mashine ya kukaushia, mwalimu akabaki na kichwa kibichi. Kwenye kioo cha simu akatokea mwanamke mwenye miwani. Hakuuliza habari za ndege wala koti. Aliuliza wifi anaishi na nani.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini jibu nililielewa. Alisema anaishi na dada yake. Nikaacha kufagia.

Akaulizwa, huyo dada yukoje? Wifi akawaza kidogo, akasimama, akashika kiuno, akanyoosha kidole. Akaniigiza mimi mzima mzima, kwa Kiingereza, nikifoka kwa ajili ya kipande cha sabuni. Mwanamke wa kwenye simu alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Mwalimu alicheka mpaka rola ikaanguka. Nami nilicheka, kisha nikageukia sinki ili wasinione uso.

"Nimepata!" wifi akasema alipokata simu. "Wananitaka wiki ijayo."

Nilitaka kumwambia asiende. Badala yake nikavua viatu vyangu vyeusi, nikamsukumia kwa mguu.

"Vaa."

"Na wewe utavaa nini, wifi?"

"Nina ndara. Vaa, bwana!"

Akavivaa, akatembea mpaka mlangoni, akarudi.

"Vinanibana."

"Vitalegea," nikamwambia. "Tembea tena. Humu humu ndani kwanza."