Shahidi wa Pangoni

Saa nne asubuhi Chesang alifika kwenye lango la msitu na pakiti ya maziwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametoka Kimilili kwa bodaboda mpaka barabara ilipoishia, kipande kilichobaki akakitembea. Ana miaka sabini na mbili. Alizaliwa katika pango la huko juu mlimani, akaondolewa pamoja na watu wake akiwa msichana, msitu ulipowekewa mpaka.

Askari wa lango, Ndirangu wa kule Kitale, alifungua kitabu cha wageni.

"Umekuja kufanya nini, shosho?"

"Kuona mama."

"Ako. Asubuhi alikuwa anafagia."

Mamake Chesang alikufia Chwele miaka mingi iliyopita, akazikwa, na wiki iliyofuata akarudi pangoni kwa miguu. Watu wanaokwenda pale kuomba hupiga naye picha. Picha hutoka na ukuta peke yake.

Kwenye mlango wa pango Chesang alitaja ukoo wake, kama inavyopasa, akamwaga maziwa kidogo juu ya jiwe. Mama akatoka akijifuta mikono, akayaonja kwa kidole.

"Haya ni ya dukani, hayajaona kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Ng'ombe ziko wapi?"

"Tulikosa pa kuzilisha."

Chesang akamweleza: Jumatatu kesi ya ardhi inasikizwa, na wasipopata shahidi aliyeishi humu akiwa mtu mzima, ukoo wote utaandikwa kwamba haukuwahi kukaa mlimani. Hawatarudi tena. Mama akapaka kidole masizi ya moto wake, akakibonyeza kwenye karatasi ya ushahidi. Kila mstari wa kidole ulionekana.

Chesang alipokuwa akitoka langoni, Ndirangu aliisoma ile karatasi polepole.

"Shosho, hapa wanataka namba ya kitambulisho."

"Alikufa wakati wanawake walikuwa hawapewi."

"Si ungeniambia mapema? Ungepumzisha miguu."

Jumatatu Chesang aliipeleka mahakamani hivyo hivyo, bila namba. Karani aliigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu mama namjua," alisema. "Amekuja hapa mara mbili kuulizia hii kesi. Anakaa pale kwa benchi, hasumbui mtu."

"Kwa hivyo unajua ni yeye."

"Ni yeye kabisa, mama. Hata masizi aliacha kwa benchi."

Akaandika kwamba shahidi hakupatikana, akagonga muhuri, akaita anayefuata.