Mrija Ulionasa Jukwaani

"Simu ya nani hii inaning'inia?"

Mama Dari aligeuka, mwiko wa lipu mkononi. Chini ya mbao za jukwaa la ujenzi kijisanduku cheusi kilikuwa kinabembea taratibu, mrija wake mwembamba umenasa kwenye waya uliofungia nguzo. Akapapasa tumbo ndani ya shati. Pale kijisindano cha plastiki kilipokuwa kimebandikwa tangu jana palikuwa na tone moja la damu, basi.

"Si simu, kaka," alisema. "Ni pampu. Ni yangu."

Aliyeuliza alikuwa mwenzake wa kazi kwa miaka tisa, fundi mrefu waliyembandika jina la Timazi, ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa kuwa hata akila alisimama wima. Dari zote kubwa walipewa wao wawili. Timazi alipiga magoti, akaukwamua mrija kwenye waya, akampa.

"Pampu ya nini?"

"Ya insulini. Nina kisukari. Leo ina maji ya chumvi tu, najaribu kama itanifaa."

Kwa miaka minne alikuwa akijidunga sindano mara nne kwa siku, ile ya mchana akijifungia chooni na kusingizia tumbo. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemwambia kwamba mikono inayofanya kazi ya lipu ingepumzishwa sindano kwa pampu, akamwekea mbili mezani: moja ya mrija, ya kuning'iniza mkandani, na nyingine isiyo na mrija, kama nusu yai, ya kubandika kwenye ngozi. "Mtu wa kukaa kitini ningemchagulia mimi," muuguzi alisema. "Wewe unapanda. Nenda ukapande nazo, kisha uniambie." Moyoni Mama Dari alikuwa ameshachagua. Ile ya mrija ilijificha vizuri chini ya shati.

Timazi alikuwa bado amepiga magoti.

"Mwaka jana," alisema, "kwenye ule ukumbi wa ghorofa. Ulikaa ghafla kwenye mbao, jasho linakutoka, ukasema umevimbiwa."

"Sukari ilikuwa imeshuka."

"Na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na ndoo ya lipu."

Hakupandisha sauti. Mama Dari alitamani angepandisha.

"Jukwaa hili ni la watu wawili, dada. Ukianguka wewe, na mimi sina pa kushika."

Akaufuta mwiko wake kwa kitambaa, pande zote mbili kama anavyofanya jioni, ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi. Akashuka.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alimsikiliza bila kuinua mguu kwenye kanyagio. Alipofika mwisho wa mshono ndipo akauliza, "Amekasirika kwa sababu unaumwa?"

"Kwa sababu sikumwambia."

"Hata mimi uliniambia baada ya mwezi."

"Wewe hukuwa jukwaani."

"Nilikuwa kitandani," alisema mumewe, akikata uzi kwa meno. "Nako mtu huanguka."

Alicheka, mke naye akacheka kidogo. Asubuhi yake Mama Dari alikwenda kwa msimamizi wa ujenzi kabla ya kuvaa nguo za kazi, akamweleza yote akiwa amesimama. Msimamizi alikuna kidevu muda mrefu.

"Niletee barua ya daktari," alisema. "Kwa sasa piga kuta za chini."

Akapiga kuta za chini wiki nzima. Shingo ilipata nafuu, ila kila mara masikio yalikwenda juu, kwenye mwiko wa Timazi ukikwaruza dari na fundi mwingine ambaye hawakuendana mwendo. Timazi alimsalimia asubuhi na kumuaga jioni. Katikati hakukuwa na neno.

Wiki hiyo alijaribu ile nusu yai, akaibandika mkononi juu ya kiwiko. Siku ya pili jasho na vumbi la saruji viliinua ukingo wake. Mumewe alipima mkono kwa futi ya kitambaa, akachomoa lastiki kwenye kiuno cha sketi kuukuu, akashona mkanda wa kuizunguka. Siku ya tatu Mama Dari aliigonga kwenye fremu ya mlango, akaigonga tena kwenye toroli. Ikabaki palepale.

"Ya mrija unaweza kuichomoa kidogo ukitaka," muuguzi alimkumbusha aliporudi kliniki. "Hii ukishaibandika, ni siku tatu. Na mkononi hapo itaonekana."

"Sukari ikishuka inalia?"

"Ikiunganishwa na kipimo cha sukari cha kuvaa mwilini, kifaa chake cha mkononi kinalia."

"Kwa nguvu?"

"Hata aliye upande wa pili wa chumba atasikia."

"Basi hiyo," alisema Mama Dari.

Jumatatu alifika na barua mfukoni, mikono ya shati imekunjwa hadi begani. Msimamizi alisoma, akairudia, akamwonyesha ukumbi kwa kidole. Timazi alikuwa chini ya ngazi akilowesha brashi. Aliutazama mkono wa Mama Dari.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Ikilia nifanye nini?"

"Unaacha kazi. Mimi nakaa papo hapo kwenye mbao, nakunywa juisi iliyo mfukoni. Hunishiki wala hunishushi mpaka nikuambie."

"Na usiponiambia?"

Hilo hakuwa amelifikiria. "Basi unaita watu," alisema.

"Ilize niisikie."

Akatoa kile kifaa mfukoni, akabonyeza. Mlio mwembamba ulizunguka ukumbi mtupu, na msimamizi akachungulia mlangoni.

"Tena," alisema Timazi. Aliinamisha kichwa, jicho moja amelifumba, kama anavyogonga ukuta kusikiliza palipo na uwazi ndani.

Timazi alipanda kwanza, akaujaribu kila ubao kwa kisigino, akaenda pembe ya mbali. Mama Dari alipanda nyuma yake, akashika pembe iliyo karibu na dirisha. Wakaanza kupiga lipu, kila mmoja kwake, migongo ikiwa imeelekeana. Juu yao vipande viwili vya lipu mbichi vilitanuka polepole, na katikati ya dari mstari mkavu ukazidi kuwa mwembamba.